Kisu cha kauri si cha kichwa cha mgebuka

Wenye visu vyeupe vya kauri hapa Kigoma: kwa nyanya, embe na ndimu havina mpinzani. Havishiki kutu, haviachi ladha ya chuma kwenye tunda, na makali hudumu kuliko ya chuma. Ila ukifika kwenye kichwa cha samaki aina ya mgebuka au nyama iliyoganda, chukua kisu cha kawaida. Kauri haipindi, inameguka, na kile kichembe cheupe kikidondokea kwenye ugali hukioni ng'o. Katia juu ya ubao, si sahani, wala usiponde kitunguu saumu kwa ubapa wake. Kikiwa butu, jiwe la kunolea la nyumbani halikifai. Kinataka kinoleo cha almasi, ambacho kukipata ni kazi. Ukishaosha, kirudishe kwenye ala, usikitupe beseni moja na masufuria.