Bei ya hisa ikigoma kuingia GnuCash, anza na mkato

Juzi jioni hapa Mafiati mama mmoja wa kikundi chetu alinigeuzia kompyuta bila kusema neno. Hisa zake 400, alizozidunduliza kwa fedha za viazi, zilisomeka shilingi 400 kwenye GnuCash, programu tunayowekea hesabu. Faili la bei alilochapa mwenyewe, ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, lilikuwa na bei 1,020. Programu ilipofika kwenye mkato ikaona safu imeishia hapo, ikabeba 1. Thamani halisi ilikuwa 408,000.

Hatua ya 1. Weka nakala ya daftari lako kwenye flashi kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 2. Lifungue faili hilo la bei (CSV) kwa Notepad, maana Excel hukuonyesha bei iliyopambwa. Futa mikato ya maelfu. Mstari usomeke hivi, yaani tarehe, soko (DSE ni Soko la Hisa la Dar es Salaam), alama ya hisa yako, bei, sarafu: 2025-03-12,DSE,ALAMA,1020,TZS.

Hatua ya 3. Tarehe. Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu kosa lake halipigi kelele. 25/03 ikisomwa mwezi ukitangulia itakataliwa, utaona. Lakini 12/03 itapita kama Desemba 3, na kwa kuwa programu huchukua bei ya karibuni zaidi, bei hiyo potofu itakaa juu ya bei zote unazoingiza baadaye, mpaka uingize ya baada ya Desemba 3. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.

Hatua ya 4. Alama na jina la soko vifanane herufi kwa herufi na vilivyomo kwenye Security Editor, orodha ya hisa ndani ya GnuCash.

Hatua ya 5. Ingiza kupitia File, Import. Kisha fungua orodha ya bei ukafute zile mbovu za mwanzo, hazijifuti zenyewe.

Maswali ya wanakikundi

Makambako: Dada, nabonyeza Get Quotes lakini bei za DSE haziji. Kosa langu?
Si kosa lako, kaka. Kitufe hicho hupitia Finance::Quote, programu ya kuvuta bei mtandaoni, nayo husoma tu vyanzo ilivyoandikiwa. Kwa hisa za nje, ukitumia Alpha Vantage, kimojawapo cha vyanzo hivyo, jisajili kwao upewe ufunguo (API key), uuweke kwenye Preferences, Online Quotes. Za DSE mimi huzitoa kwenye ripoti ya soko ya siku, kila Ijumaa soko likishafungwa. Ni dakika chache, na nina uhakika nazo.

Tukuyu: Shikamoo dada. Vipande vyangu vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, vinakatwa desimali.
Marahaba mdogo wangu. Kwenye Security Editor tafuta Fraction traded, weka 1/10000. Ifanye kabla ya kuandika manunuzi, la sivyo utarudia kila mstari.

Iringa: Miamala ya benki imeingia mara mbili.
Taarifa ya pili ilianza kabla ya ya kwanza kuisha. Rudisha nakala ya kwenye flashi uliyoiweka kabla ya kuingiza ya pili, kisha omba benki taarifa inayoanzia siku inayofuata mwisho wa ile ya kwanza.