Meno ya mbwa na paka wako ughaibuni: mswaki, nusukaputi na bima

Ukianza kufuga mbwa au paka huku ughaibuni, hutakaa sana kabla ya daktari wa wanyama kukuuliza kama unampigisha mswaki. Usicheke. Magonjwa ya fizi ni miongoni mwa yanayowapata zaidi wanyama hawa, na bili ya kung'oa meno kadhaa kwa mkupuo inauma kuliko meno yenyewe.

Ukoga laini hurudi juu ya jino saa chache tu baada ya kusafishwa. Ukiachwa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache, na mswaki hauwezi tena kuubandua. Fizi zilizoanza tu kuwa nyekundu na kutoa damu hupona kabisa zikitunzwa. Ugonjwa ukishakula mfupa unaoshikilia jino, mfupa huo haurudi.

Kwa hiyo kinywa kinachonuka ni dalili, usikizoee. Angalia pia kama anatafuna upande mmoja, anaangusha chakula, au amevimba chini ya jicho, ambako mara nyingi ni jipu kwenye mzizi wa gego la juu. Kukataa kula si kipimo: wengi wenye meno mabovu huendelea kula, tena kwa pupa.

Tumia mswaki laini wa mtoto au ule wa kuvaa kidoleni, pamoja na dawa ya meno ya wanyama. Ya kwako iache bafuni: mnyama hatemi, humeza, na nyingine zina zailitoli, sukari mbadala inayoshusha ghafla sukari ya damu ya mbwa na kuweza kuharibu ini lake. Siku za mwanzo mwache alambe dawa kidoleni mwako, basi. Kisha zoea kumwinua mdomo na kumgusa fizi. Mswaki uje mwisho, kwa sekunde chache, ukielekezwa pale jino linapokutana na ufizi. Shughulika na upande wa nje, hasa magego ya juu. Huhitaji kumpanua kinywa. Kila siku ndiyo sahihi. Mara moja kwa wiki ni kujifariji, maana ukoga utakuwa umeshaganda. Kama fizi tayari zimewaka, muone daktari kwanza, la sivyo mnyama atauhusisha mswaki na maumivu na hutamshika tena.

Paka ana lake: jino linaweza kumomonyoka lenyewe karibu na ufizi, hata ukimsafisha vizuri. Huuma sana, na kwa kawaida dawa yake ni kung'oa.

Vitafunwa vya meno husaidia kiasi. Tafuta vyenye alama ya VOHC, baraza linalokagua ushahidi wa bidhaa hizo. Pembe, kwato na mifupa migumu mimi simpi mbwa, kwa kuwa hupasua magego. Ukikibonyeza kitafunwa kwa ukucha na kisibonyee, ni kigumu mno.

Utakutana pia na wanaotangaza kusafisha meno bila nusukaputi, kwa bei nafuu. Kataa. Wanakwangua kinachoonekana, ilhali ugonjwa wenyewe uko chini ya ufizi, na eksirei ya meno haipigwi kwa mnyama anayejipindapinda. Hofu ya nusukaputi inaeleweka. Uliza kuhusu kipimo cha damu kabla na nani atakayemwangalia muda wote akiwa amelala.

Bima isome kabla ya kusaini. Nyingi hulipia jino lililovunjika kwa ajali lakini si ugonjwa wa fizi, au hudai uthibitisho kwamba meno yalikaguliwa kila mwaka. Tatizo lililoandikwa kwenye faili kabla ya bima kuanza kwa kawaida halilipwi. Na kila unapohama nchi au kubadili kliniki, omba nakala ya faili pamoja na picha za eksirei, ili daktari mpya awe na cha kulinganisha.