Kwenda Gombe ukitokea Kigoma mjini

Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, haina barabara jamani, gari liache mjini, nenda Kibirizi ukapande boti. Ya abiria ni bei poa ila inasimama kila kijiji, utakaa masaa kama matatu umebanwa na magunia na madumu ya mawese, ya kukodi inawahi ila jipange mfukoni. Vaa viatu vinavyokamata, milima ile sio mchezo. Ukiwa na mafua ahirisha tu, sokwe wanaambukizwa fasta, na wakisogea wewe rudi nyuma, ziwe mita kama 10. Misosi ifiche, nyani wa pale wezi balaa. Afu miti nayo itazame, mi nilikuta sokwe juu ya mchikichi anatafuna chikichi taratiiibu, makapi anatema chini.