Namna ya Kuliomba Bunge la Kenya Liweke Kipato cha Msingi kwa Wananchi

Kifungu cha 119 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge au kurekebisha sheria, na ombi hilo laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ombi la kipato cha msingi, yaani fedha ambazo serikali humpa kila mwananchi mara kwa mara bila masharti, lijenge juu ya Kifungu cha 43, kinachotambua haki ya kutokuwa na njaa na haki ya hifadhi ya jamii.

Kwa ushahidi, tumia mradi wa shirika la GiveDirectly katika kaunti za Siaya na Bomet, ambako baadhi ya vijiji viliahidiwa takriban shilingi 2,250 kwa kila mtu mzima kila mwezi, kupitia simu, kwa muda wa miaka 12. Watafiti hawakuona kwamba fedha hizo ziliwafanya watu wavivu (pingamizi utakalolisikia kabla ya yote); wengi walihama kutoka vibarua kwenda biashara zao wenyewe.

Sehemu ngumu ni gharama. Kila watu milioni moja wakipewa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango cha Inua Jamii (mpango wa serikali wa kuwapa fedha wazee na wengine wasiojiweza), Hazina itatoa bilioni 24 kwa mwaka. Kwa maoni yangu, ni busara kuomba kwanza mpango huo ushushe umri wa wazee chini ya miaka 70, kisha upanuliwe kwa awamu.

Eleza pia hatua ulizokwisha kuchukua kwa wahusika, thibitisha kwamba suala haliko mahakamani, utie sahihi, kisha umpelekee Karani wa Bunge la Taifa.