Msiba ukitokea Uingereza: amueni pa kuzika kabla ya kuchangisha

Mtu wetu akifariki huku, mara nyingi kundi la WhatsApp la michango hufunguliwa kabla hata mwili haujatoka wodini. Nia ni njema, lakini nawasihi fedha zisitangulie uamuzi. Familia ya karibu izungumze kwanza, hata kwa simu, itoe jibu moja: marehemu anazikwa huku au anarudishwa nyumbani? Aliacha wasia? Mjane au mgane anasemaje, na wazee je? Watu wakishachangia safari ya Mwanza au Kisumu halafu ikasikika kwamba mke anataka mazishi ya huku, ugomvi utakaofuata unaweza kudumu kuliko matanga. Chagueni msemaji mmoja huku na mmoja nyumbani, na mweka hazina asiwe miongoni mwa hao wawili.

Kifo husajiliwa katika ofisi ya usajili ya halmashauri. England na Wales mna siku 5, Scotland siku 8. Tangu Septemba 2024, katika England na Wales, chanzo cha kifo kilichoandikwa na daktari hupitiwa na daktari mkaguzi kabla cheti cha daktari hakijafika kwa msajili, na siku zenu 5 huanza kuhesabiwa msajili akishakipokea. Ofisi ya mkaguzi itazungumza na familia. Kama mna dukuduku lolote kuhusu matibabu, lisemeni hapo.

Kwa msajili, tulieni kwenye majina. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye pasipoti, mawili kazini, na jingine kwenye hati ya kiwanja kule nyumbani. Juma Ally na Juma Ali ni mtu mmoja kwetu, ila benki au mahakama inaweza kuwaona wawili. Nenda na pasipoti, na umwombe msajili aandike pia majina mengine aliyoyatumia marehemu. Soma kila herufi kabla ya kutia saini, kwa sababu kurekebisha baadaye ni safari ndefu. Kila nakala ya cheti cha kifo ni pauni 12.50 katika England na Wales, mimi hushauri kuchukua tano au sita, maana benki, ubalozi, mfuko wa pensheni na mahakama ya nyumbani kila mmoja atataka ya kwake. Msajili atawapa pia namba ya huduma inayoziarifu idara za serikali kwa mpigo mmoja: kodi, pasipoti, leseni ya udereva. Benki na ubalozi wetu hawamo kwenye huduma hiyo, mtawaarifu wenyewe.

Kifo kikiwa cha ghafla au chanzo hakijulikani, kesi huenda kwa koroneri, afisa anayechunguza vifo, na hapo subira ni lazima. Waislamu wanaotaka kuzika haraka waseme mapema: halmashauri nyingi zina zamu ya dharura wikendi, na katika baadhi ya maeneo uchunguzi hufanywa kwa skani badala ya kupasua, ingawa familia inaweza kutakiwa kulipia.

Mkiamua kusafirisha, koroneri anahusika hata kama kifo kilikuwa cha kawaida. Kuutoa mwili England au Wales kunahitaji idhini yake, na ombi lipelekwe angalau siku 4 kabla ya safari. Kwa hiyo msitangaze siku ya mazishi kijijini kabla idhini haijatoka. Tafuteni kampuni ya mazishi iliyowahi kupeleka miili Afrika Mashariki, na muombe bei nzima kwa maandishi: kutia dawa, jeneza lenye bati la zinki ndani, mizigo ya ndege, kibali cha ubalozi. Waulizeni bei hiyo inaishia uwanja wa ndege au inafika nyumbani, maana gari la kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni bajeti nyingine. Atakayepokea mwili atumiwe picha za karatasi zote kabla ndege haijaruka. Pasipoti ya marehemu msiirudishe popote mpaka ubalozi umalize nayo.

Msaada wa serikali wa gharama za mazishi kwa wenye kipato kidogo kwa kawaida hautolewi kwa mazishi ya Afrika. Lakini kama marehemu alichangia bima ya taifa, mwenzi wake anaweza kustahili malipo ya wafiwa. Aombe ndani ya miezi 3 asipunjwe.

Nyumbani, mirathi ina njia yake. Tanzania, ukoo hukaa kikao, muhtasari ukaandikwa, na msimamizi akathibitishwa mahakamani. Mjane aliye huku ahakikishe jina lake na la watoto yamo kwenye muhtasari huo kabla haujasainiwa.

Na yupo mtu anayesahaulika kabisa: mke au mume anayeishi kwa viza ya mwenzi. Kama marehemu alikuwa raia au mkazi wa kudumu, mfiwa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kusubiri miaka itimie. Azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla hajakata tiketi ya kwenda kuzika.