Umeacha kuchonga kwenye kompyuta miaka mingi na unataka kurudi? Pita njia hii

Mi niliacha 2017. Nilikuwa nachonga vichwa vya watu kwenye kompyuta, kazi ikawa hailipi hata kodi ya chumba, nikaenda kusimama kaunta ya duka la dawa na nikakaa pale miaka saba, tableti ya kuchorea imezungushiwa khanga iko juu ya kabati. Nilivyorudi kilichonisumbua sio programu kubadilika, hiyo unaizoea ndani ya wiki mbili, kilichonisumbua ni kwamba jicho lilikuwa limekua huku mkono umelala. Yani naona kabisa shavu limekosewa ila siwezi kulirekebisha, na hapo ndo watu wengi wanaorudi wanafunga kompyuta wakidhani kipaji kimeisha. Hakijaisha ndugu yangu, mkono unaamka ukiupa kazi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: faili la zamani usiliguse kwanza
Wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, lakini kazi yako ya zamani wiki ya kwanza inatisha kweli, maana utajipima na mtu aliyekuwa anachonga kila siku. Likopi kwenye flashi uliweke pembeni, tutalirudia. Kama kazi zako zilikuwa za ZBrush, ile programu ya kuchongea, na bado una namna ya kuifungua, zitoe sasa hivi kwa mfumo wa OBJ unaosomwa na programu nyingi, kwa sababu Blender, programu tutakayoitumia hapa, haisomi mafaili ya ZBrush moja kwa moja.

Hatua ya 2: chagua programu moja tu
ZBrush ilikuwa ya Pixologic, mwishoni mwa 2021 Maxon wakatangaza kuinunua, na siku hizi unailipia kwa mwezi au kwa mwaka. Kama hujaanza kuingiza hela kwenye hii kazi mi nakushauri Blender, ni ya bure na upande wake wa kuchonga umekua sana toka 2019. Mwenye simu nzuri au tableti ya Android anaweza kuanza na Nomad Sculpt na asipungukiwe kitu. Mi ntaelekeza kwa Blender.

Kama uliiacha Blender kabla ya toleo la 2.8 utashangaa, maana kuchagua kitu ni kwa kitufe cha kushoto cha mausi sasa, zamani ilikuwa kulia. Na kuanzia toleo la 4.3 brashi zimehamia chini ya skrini, usizitafute pale pa zamani ukadhani zimefutwa. Shotikati za kushika siku ya kwanza ni hizi tu: F kubadili ukubwa wa brashi, Shift na F kubadili nguvu yake, ukishikilia Ctrl brashi inachimba badala ya kuongeza, ukishikilia Shift inalainisha. Nyingine zitakuja zenyewe.

Hatua ya 3: hakikisha kalamu inasikia mgandamizo
Hii nimeipa hatua yake kwa sababu nimepoteza siku mbili nzima nikilaumu mkono wangu kumbe kalamu ndo ilikuwa haisomi, nikibonyeza kidogo au sana mstari ni uleule. Weka draiva mpya ya tableti yako, halafu kwenye setingi za Blender, sehemu ya Input, utakuta mahali pa tableti pana Windows Ink na Wintab, njia mbili za Windows kuisoma kalamu, jaribu moja, ikikataa jaribu nyingine. Chora mistari kumi kuanzia mwepesi kwenda mzito. Ikitoka tofauti, endelea.

Hatua ya 4: wiki ya kwanza ni tezo tu
Ukifika Mwenge, Dar es Salaam, pale kwa wachonga vinyago, kaa umwangalie fundi wa mpingo anavyoanza. Hashiki patasi ndogo kutafuta kope za macho, anashika tezo anakata gogo mpaka uone kichwa kiko wapi na bega liko wapi, baadaye ndo patasi, msasa unakuja mwisho kabisa. Sisi wa kompyuta tunaharibikiwa kwa sababu msasa uko karibu na kidole, ukishikilia Shift tu kila kitu kinakuwa laini, unalainisha kitu ambacho hakijapata umbo na unabaki na sura kama sabuni iliyotumika.

Kwa hiyo leta tufe, ingia kwenye kuchonga, tumia brashi ya Grab peke yake. Vuta mpaka upate yai la fuvu, vuta taya, bonyeza pande mbili za kichwa kwenye panja maana kichwa cha mtu sio mpira, kimebanwa ubavuni. Dakika ishirini na tano zikiisha usisevu, anza tufe lingine. Mi nilikuwa nafanya vichwa viwili kila jioni baada ya kufunga duka, siku kumi mfululizo, bila macho wala midomo, na siku ya sita hivi nikahisi mkono umekumbuka kitu.

Tahadhari moja hapa, kama ulibadili ukubwa wa tufe kabla ya kuingia kwenye kuchonga, bonyeza Ctrl na A uchague Scale, la sivyo brashi itakuwa inavuta upande mmoja kama matairi yamepishana upepo.

Hatua ya 5: rimeshi, hiki ndo kigeni kikubwa
Toka toleo la 2.81 unaweza ukavuta umbo ovyoovyo halafu ukabonyeza Ctrl na R, programu inalisuka upya lote kwa vipande vinavyolingana. Ukubwa wa kipande unauweka kwa kubonyeza R. Sasa elewa hesabu yake, ukipunguza ukubwa wa kipande kwa nusu idadi ya vipande inakuwa kama mara nne, sio mara mbili, ndo maana kompyuta yenye memori ndogo inaganda ghafla wakati ulidhani umeongeza kidogo tu. Anza na vipande vikubwa ukae hapo muda mrefu mpaka uone aibu, shuka pale tu umbo unalolitaka limekosa vipande vya kulibeba. Na kitu chembamba kuliko kipande, kama ukingo wa sikio, rimeshi itakitoboa au itakigandisha na jirani yake, kwa hiyo masikio yachonge kama kitu cha pekee uyaunganishe mwishoni.

Hatua ya 6: rudisha vipimo vya uso
Macho yako katikati ya urefu wa kichwa, sio juu, hili kosa hurudi kwa kila mtu. Kati ya jicho na jicho panaenea jicho moja. Sikio linaanzia usawa wa nyusi linaishia usawa wa chini ya pua. Mdomo umekaa juu ya upinde wa meno, ukiuchonga bapa sura nzima inakufa. Halafu nenda sehemu ya View pembeni ubadilishe lenzi kutoka 50 iwe 85 au 100, maana kwa lenzi ya 50 ukisogea karibu pua inaonekana kubwa, wewe unaipunguza, ukija kutizama kwa mbali pua imepotea.

Hatua ya 7: tumia ulichokiona ulipokuwa hupo
Hii naipenda kuliko zote. Miaka saba kaunta nimeangalia nyuso nyingi kuliko miaka yote niliyokuwa nachonga. Bibi aliyeng'oka meno, nilimuona kila mwezi akija kuchukua dawa ya presha, mfupa ulioshika meno umeisha, midomo imezama ndani, kidevu kimesogea mbele karibu kukutana na pua. Zamani nilichonga wazee kwa kuwachorea mikunjo tu, vijana waliokunjwa. Sasa naanza na mfupa uliopungua, mikunjo inafuata yenyewe pale nyama ilipokosa pa kuegemea. Wewe kama ulikuwa dereva unajua shingo ya mtu aliyechoka ikoje ukimtazama kwenye kioo, kama ulikuwa shambani unajua mgongo na viganja. Andika kwenye karatasi vitu vitano ulivyoviona kwa miaka hiyo, uchonge hivyo, achana kwanza na picha za mtandaoni.

Hatua ya 8: sasa lifungue lile faili
Kwenye mwezi wa pili hivi. Lisevu kwa jina jingine kabla hujafanya lolote, kisha usilirekebishe. Liweke kushoto, leta tufe jipya kulia, chonga kichwa kilekile upya kuanzia tezo. Mi langu lilikuwa kichwa cha mzee mwenye kofia, la 2016. Lile la kushoto ngozi yake ni nzuri mpaka leo, vinyweleo vyote vipo. La kulia halina ngozi bado, lakini ukizima mwanga ukaacha kivuli cheusi kitupu, ni la kulia ndo unajua kwamba huyu ni mzee.