Oodnadatta kwa Baiskeli: Pigeni Hesabu ya Maji Kwanza

Kama kundi lenu la Adelaide au Melbourne limechoka na nyama choma za kila sikukuu na sasa mnataka safari ya baiskeli nyikani, ifikirieni Oodnadatta Track. Ni barabara ya vumbi na changarawe ya kilomita 620 hivi, kaskazini mwa jimbo la South Australia, kutoka Marree hadi Marla, ikifuata reli ya zamani ya treni ya Ghan iliyofungwa mwaka 1980. Milima karibu hakuna, na ndiyo maana watu huidharau.

Msianze kubishana baiskeli ya nani ni bora. Hata majira ya baridi, mtu anayekanyaga pedeli kutwa na kupika jioni asipange chini ya lita 8 za maji kwa siku. Marree hadi kambi ya Coward Springs ni kama kilomita 130, siku mbili kwa mwendo wa kundi. Hizo ni lita 16, yaani kilo 16 kwa kila mmoja, juu ya hema na chakula. Inabebeka. Balaa liko mbele: William Creek hadi Oodnadatta ni kilomita 200 hivi, na duka hakuna. Mkienda siku nne, ni lita 32 kwa kichwa.

Kwa hiyo kodini gari la kusindikiza, mshike usukani kwa zamu. Wapo watakaosema gari linaondoa ladha ya safari. Hao wapeni lita zao 32 wabebe.

Nendeni kati ya Mei na Agosti. Oodnadatta ilifika nyuzi joto 50.7 tarehe 2 Januari 1960, hivyo likizo ya Krismasi isahauni. Wenye kazi za zamu waombe ruhusa mapema. Usiku wa Julai baridi huuma, bebeni mifuko mizito ya kulalia. Mvua ikinyesha, udongo hunata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na barabara hufungwa. Kuipita ilani ya kufungwa ni faini. Wekeni siku mbili za akiba.

Barabara yenyewe ina mikunjo kama bati, inalegeza kila skrubu. Tairi ziwe pana, inchi 2 au zaidi, upepo upunguzwe kidogo, na ndani muweke dawa ya kuziba pancha, maana miiba ya mbigili mnayoijua kutoka nyumbani ipo huku pia. Helmeti ni sheria. Mkiona vumbi la lori lenye matela, tokeni barabarani kabisa: mengine yana urefu wa mita 50 na hayasimami upesi.

Mwenye mwendo mdogo ndiye apange mwendo. Wa mbele wasimame kila kilomita 10 wahesabu watu. Wa mwisho awe fundi, mwenye pampu na kisanduku cha huduma ya kwanza; fundi akitangulia, aliyepata pancha nyuma ataunguzwa na jua akimsubiri. Michango ikusanywe yote kabla ya kuondoka. Kudaiana njiani kumevunja makundi mengi kuliko pancha.

Unga, dagaa na karanga vinunuliwe Adelaide. Mnaotoka Melbourne msivuke mpaka wa jimbo na matunda mabichi; mtanyang'anywa kwa sababu ya nzi wa matunda. Mkifika ziwa Kati Thanda, mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari, litazameni kutoka kingoni tu. Ni ardhi takatifu ya Waarabana, wenyeji wa asili wa eneo hili.

Simu hazishiki sehemu kubwa ya njia. Nunueni au kodini PLB, kifaa kinachoita waokoaji kwa setilaiti. Ukinunua, kisajili kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, ni bure. Na kila mtu aonyeshe bima yake kabla ya kupanda baiskeli. Wengi wetu tunadhani Medicare, bima ya afya ya serikali, inalipia gari la wagonjwa. Hailipii, na bili huja kwa jina lako.